Blogu inaimeza riwaya yangu. Je, niifunge?

Swali: Shikamoo mwalimu. Nina miaka 31, nimeajiriwa, na jioni huandika hadithi. Miaka miwili iliyopita nilianza riwaya, nikafungua na blogu ili nijizoeze na nipate wasomaji. Wasomaji nimewapata. Katika miezi minane iliyopita nimeweka makala 61, lakini riwaya imekwama sura ya 7, pale binti anaposimama mlangoni kwa baba yake na hathubutu kubisha hodi. Kila nikikaa kuiandika najikuta nimefungua blogu nasoma maoni ya watu. Naona aibu, labda mimi ni mvivu tu. Mume wangu ananiambia mshika mawili moja humponyoka. Niifunge blogu? Au niweke humo sura za riwaya, ili zisikae bure? Na wewe unaishije na vyote viwili siku kwa siku?

Jibu: Marahaba, mdogo wangu. Usiifunge, angalau si sasa. Ukiifunga ukiwa umeikasirikia, utafungua nyingine kabla mwaka haujaisha, na riwaya itakuwa palepale. Nimeandika hadithi kwa zaidi ya miaka ishirini, na blogu nimekuwa nayo kwa miaka kumi na minne. Sura yako ya 7 naijua. Ya kwangu ilikuwa sura ya 11, na ilikaa mwaka mmoja na miezi minne bila kuongezwa hata aya moja, huku blogu ikinawiri. Kwa hiyo nitakujibu kwa urefu.

Tuanze na hesabu. Ulinitumia anwani ya blogu yako na tarehe uliyokwama, nikasoma makala zako kumi na mbili. Nyingi zina maneno kama 600. Zidisha kwa 61, unapata 36,600. Riwaya isiyo kubwa sana huwa na maneno kama 60,000. Maana yake, kwa miezi minane umeandika zaidi ya nusu ya riwaya, ukiwa kazini mchana na nyumbani jioni. Sisemi maneno yale yangegeuka kuwa sura, maana makala na hadithi si kazi moja na hazichoshi mahali pamoja. Ninachosema ni kwamba muda unao na nidhamu unayo. Mvivu haandiki makala 61. Hilo neno naomba usilitumie tena juu yako.

Kinachoila riwaya ni malipo. Blogu hulipa siku hiyohiyo: unaweka makala saa 3 usiku, na kabla hujalala mtu ameshakuandikia kwamba umemliza. Riwaya itakulipa baada ya miaka mitatu au minne, na huenda isilipe. Kazi mbili zikiwa mezani, moja ina shukrani ya leo na nyingine ya mwaka keshokutwa, mkono wa mtu yeyote utakwenda kwenye ya leo. Ndiyo maana ushauri wa "jikaze" siuamini. Hakuna anayeweza kujikaza kila jioni kwa miaka mitatu, tena jioni, wakati kazi ya mwajiri imeshachukua sehemu bora ya akili. Kinachosaidia ni mpangilio: riwaya ipate haki yake kabla blogu haijafunguliwa kabisa. Mumeo amesema kweli kuhusu mawili, lakini wewe hujayashika mawili kwa wakati mmoja. Umeshika moja, na lingine unalitazama kwa huzuni.

Siku yangu iko hivi. Naamka saa 11 alfajiri. Simu hulala chumba kingine, na saa ya kuniamsha ni saa ya kawaida ya mezani, niliyoinunua kwa sababu hiyo tu. Kompyuta ninayoandikia hadithi imezimwa intaneti tangu usiku. Nusu saa ya kwanza siandiki kitu kipya. Nasoma nilichoandika jana, kwa sauti ya chini, nikirekebisha neno hapa na pale. Hili si uvumbuzi wangu. Anthony Trollope, Mwingereza wa karne ya 19 aliyefanya kazi ya posta kwa zaidi ya miaka thelathini na kuacha riwaya 47, ameeleza utaratibu wake katika tawasifu iliyotoka mwaka 1883, mwaka mmoja baada ya kufa kwake. Alikaa mezani saa 11:30 alfajiri, akaondoka saa 2:30 asubuhi, na sehemu ya kwanza ya muda huo ilikuwa ya kusoma kazi ya jana. Baada ya hapo aliweka saa mbele yake na kujidai maneno 250 kila robo saa. Kasi hiyo iache kama ilivyo, mimi sijawahi kuikaribia na wala siitafuti. Chukua ile nusu saa ya kusoma. Ndiyo inayokurudisha ndani ya nyumba ya wahusika wako, ukazisikia sauti zao, kabla hujadaiwa sentensi mpya.

Kisha naandika maneno 400. Yakifika 400 nasimama, hata kama yanatiririka, na chini yake naandika mstari mmoja unaosema kesho kinaanza nini: "anaona barua haina stempu" au "mvua imekatika, mama bado hajasema kitu." Mstari huo una thamani kubwa kuliko maneno mia mbili zaidi, kwa sababu asubuhi inayofuata siikuti karatasi tupu. Piga hesabu na hapa: maneno 400 kwa siku tano ni 2,000 kwa wiki. Kwa wiki 30 ni 60,000. Rasimu ya kwanza ya riwaya nzima, na Jumamosi na Jumapili hujazigusa.

Saa 1 asubuhi nafunga, ndipo naichukua simu. Mchana naenda kwenye ajira yangu kama wewe. Watu wengi wanadhani mwandishi wa kweli ni yule asiye na kazi nyingine. Shaaban Robert alikuwa karani wa forodha miaka mingi, akaendelea na utumishi wa serikali baada ya hapo, na vitabu vikatoka. Ajira si adui wa hadithi. Inakupa mshahara, inakupa watu wa kuwasikiliza, na inakulazimisha kuwa na saa maalumu.

Kama alfajiri haikufai, labda una mtoto mchanga au zamu ya usiku, basi tumia saa nyingine. Franz Kafka, mwandishi wa Prague, alifanya kazi katika taasisi ya bima, akarudi nyumbani mchana, akalala, akaandika usiku. Hadithi yake moja aliiandika kwa mkao mmoja tu, kuanzia saa 4 usiku wa tarehe 22 Septemba 1912 hadi saa 12 asubuhi. Saa yenyewe si kitu. Kitu ni kwamba hadithi itangulie, na kwamba kati ya kuamka kwako na hadithi hiyo pasiwepo kioo chochote chenye maoni ya watu. Nikisoma maoni kwanza, hata yawe matano tu na yote mazuri, naandika siku hiyo nikiwa na watu watano wamesimama nyuma ya kiti changu.

Sasa nifike kwenye jambo ninaloliona zito kuliko muda, na ambalo hukuliuliza.

Miaka sita iliyopita nilikuwa kwenye foleni hospitalini. Mbele yangu alikaa mwanaume wa makamo, ameshika mfuko wa plastiki magotini. Ndani yake mlikuwa na viatu vya mtoto, vyekundu, vipya, kamba zake bado zimefungwa pamoja kama zinavyotoka dukani. Kila jina la mtu lilipoitwa, yule baba alikitoa kiatu kimoja, akakipangusa kwa kidole gumba vumbi ambalo halikuwepo, akakirudisha. Nilimtazama kwa saa nzima. Jioni ile nikaiandika kwenye blogu. Nikaeleza kila kitu: kwamba bila shaka mtoto yuko wodini, kwamba viatu ni ahadi, kwamba kupangusa ni namna ya kuomba. Nikafunga na sentensi kuhusu upendo wa wazazi. Maoni yakamiminika, na makala ile ikasambazwa kuliko nyingine zote za mwaka ule.

Mwaka uliofuata nilikuwa na baba katika riwaya, amekaa anangoja habari mbaya, na nilihitaji kitu cha kufanya kwa mikono yake. Nilikuwa nacho, nikadhani. Nikakaa siku nne. Kila nilipoandika neno "viatu" niliisikia makala yangu mwenyewe ikijieleza. Nilikuwa nimeshasema viatu vina maana gani, na kitu kilichokwisha kusemwa maana yake hakinipi tena sababu ya kukitafuta. Baba yule akaishia kutembea huku na huko kwenye korido, kama baba yeyote katika kitabu chochote.

Mwaka uleule wa foleni nilimwona mwanamke kwenye basi akizungumza na simu kwa muda mrefu. Anacheka, anaitikia, anauliza hali za watu kwa majina. Alipoishusha nikaona mgongo wa simu hauna mfuniko, na mahali pa betri pako wazi. Hapakuwa na betri. Hilo sikumwambia mtu yeyote. Kwenye daftari niliandika mstari mmoja: "Simu haina betri. Anacheka." Sikujua kwa nini limenikaa, na sikujilazimisha kujua. Lilikaa miaka miwili na nusu. Siku moja nikiwa katikati ya sura nyingine kabisa, mhusika wangu, mwanamke ambaye hafanani kwa lolote na yule wa kwenye basi, akainua simu iliyokufa akaanza kumsalimia dada yake. Sura ile niliiandika kwa siku tatu, na ndiyo ambayo wasomaji huitaja wanapokutana nami.

Toka hapo nina kanuni ninayoishika kuliko hata ile ya saa 11. Nisichokielewa nakipa riwaya. Nilichokwisha kukielewa nakipa blogu. Kitu kikinisimamisha njiani na siwezi kusema kwa nini, kinaingia kwenye daftari na hakitoki. Blogu inapata mambo niliyomaliza kuyafikiri: kitabu nilichosoma, kosa la kiufundi nililolirekebisha na jinsi nilivyolirekebisha, tofauti ya mhusika anayesema uongo na mhusika anayenyamaza, vipande nilivyovikata katika muswada ambavyo najua havirudi tena. Hayo yananoga kwa wasomaji na hayanipunguzii chochote.

Na hapa, mdogo wangu, niwe mkweli kwako. Katika makala zako nilizosoma, iko moja ndefu, nzuri, inayomhusu binti wa riwaya yako. Umeeleza kwa nini anamwogopa baba yake. Umeeleza baba alifanya nini. Umesema hata yeye mwenyewe hajui kwamba amekuja kusamehe. Watu 43 wamekuandikia kukupongeza, wengine wamesimulia habari za baba zao. Makala hiyo iliwekwa wiki mbili tu kabla ya tarehe uliyonitajia kuwa ndiyo uliyokwama. Mlango ule hujashindwa kuufungua. Ulishaufungua, kwenye blogu, ukaonyesha kila kilichomo ndani, ukapokea shukrani. Sasa unarudi kwenye sura ya 7 na binti yako anasimama mbele ya nyumba ambayo kila mtu ameshaingia. Nitarudi kwenye hili mwishoni.

Umegusia pia, kwa kupita, kwamba unafikiria kuweka sura za riwaya kwenye blogu "ili zisikae bure." Hapa nenda polepole sana. Majarida mengi ya hadithi na mashindano mengi huhesabu kwamba hadithi iliyowekwa kwenye blogu imeshachapishwa. Wanachonunua ni haki ya kuichapisha kwa mara ya kwanza, na haki hiyo hutoka mara moja tu. Mimi nililijua hili kwa uchungu. Niliweka hadithi fupi kwenye blogu, ikakaa wiki tatu, nikaifuta, nikaituma kwa jarida moja. Mhariri akaipenda, tukaihariri pamoja kwa mwezi mzima, tukabishana juu ya aya ya mwisho hadi ikawa bora kuliko ilivyokuwa. Siku chache kabla ya kutoka, mtu wa ofisini kwao akatafuta sentensi ya kwanza kwenye intaneti, akaikuta katika tovuti nyingine iliyokuwa imeinakili. Wakaiondoa. Walikuwa na haki, masharti yao yalisema wazi na mimi sikuyasoma. Ukifuta kwenye blogu yako hujafuta duniani, maana ziko tovuti zinazonakili na ziko hifadhi za intaneti zinazotunza kurasa za zamani. Kwa hiyo kabla hujaweka hadithi yoyote, jiulize kama uko tayari isitumwe kokote tena. Kama jibu ni ndiyo, weka kwa moyo mweupe. Mimi huweka mbili au tatu kwa mwaka, nilizoziandika kwa ajili ya blogu tangu mwanzo.

Hofu ya kuibiwa mawazo isikusumbue. Chini ya Mkataba wa Berne, mkataba wa kimataifa wa hakimiliki uliotiwa saini mwaka 1886 na kurekebishwa mara kadhaa baadaye, kazi yako inalindwa tangu unapoiandika, bila kuisajili popote, katika nchi zote wanachama. Kinacholindwa ni maneno yako. Wazo la binti aliyesimama mlangoni ni la kila mtu.

Wapo waliofanikiwa kwa kuweka riwaya nzima wazi, na sitakuficha hilo. Andy Weir, Mmarekani aliyekuwa mtengenezaji wa programu za kompyuta, alianza mwaka 2009 kuweka kwenye tovuti yake, bure, sura za hadithi ya mwanaanga aliyeachwa peke yake katika sayari ya Mirihi. Wasomaji wake walijua kemia na fizikia, wakamsahihisha. Baadaye wakamwomba aiweke katika umbo la kitabu pepe, akaiuza kwa senti 99 za dola mwaka 2011, na mwaka 2014 ikatoka kwa mchapishaji mkubwa. Ukiitazama hadithi hiyo vizuri utaona kitu: alikuwa na wasomaji waliomfuata kwa miaka kabla ya riwaya ile, na alihitaji kutoka kwao jambo mahususi, yaani usahihi wa hesabu zake. Wewe riwaya yako inahusu kitu ambacho msomaji hawezi kukusahihisha. Anaweza kukufariji tu, na faraja kabla ya rasimu kuisha ni hatari.

Ukiamua siku moja kuandika hadithi ya mfululizo, iwe ni kazi tofauti na riwaya hii, na uwe na sehemu sita zimekamilika kabla ya kutoa ya kwanza. Charles Dickens, mwandishi Mwingereza wa karne ya 19, alikuwa akiandika riwaya mbili za mfululizo kwa wakati mmoja mwaka 1837, kila moja ikitoka kwa mwezi. Mwezi Mei shemeji yake, mdogo wa mke wake, akafariki ghafla akiwa na miaka 17. Mwezi Juni hapakutoka kitu, si ya kwanza wala ya pili. Mtu aliyezoea kuandika kuliko wote alisimama, kwa sababu hakuwa na akiba. Msiba hauombi ratiba, na wasomaji wako wa mfululizo watakuwa wanangoja Ijumaa hiyohiyo.

Kuhusu maoni. Nayasoma mara mbili kwa wiki, Jumatano jioni na Jumamosi, na siku hizohizo nayajibu. Idadi ya wasomaji naiangalia mara moja kwa mwezi. Mtu akiniandikia kwa ukali nangoja siku mbili, na mara nyingi siku ya tatu sina tena la kumjibu. Ndugu na marafiki watakuja kukuuliza, "Huyu uliyemwandika ni mimi?" Waambie ukweli kwa upole, na ukiwa umemtumia mtu kwa namna ambayo jirani yake anaweza kumtambua, badilisha, hata kama makala imeshawekwa. Nimebadilisha mara tatu na sijutii.

Pesa: matangazo kwenye blogu ndogo hayalipi kitu cha kuhesabu, usiyapangie maisha. Faida ya blogu kwa mwandishi wa hadithi huja kwa njia nyingine. Mhariri akipokea muswada wako atakutafuta, na akikuta miaka miwili ya makala safi, zenye tahajia iliyotunzwa, atajua unaandika kwa bidii. Mimi nilialikwa kufundisha warsha yangu ya kwanza na mtu aliyesoma makala yangu kuhusu mazungumzo ya wahusika.

Nyumba unayoijenga ijue ni ya nani. Ukiweza, nunua anwani yako mwenyewe ya tovuti, ili hata ukihama huduma wasomaji wakupate palepale. Kila mwisho wa mwezi pakua nakala ya blogu nzima na uihifadhi mahali pawili tofauti, pamoja na muswada. Mwaka 2009 GeoCities, huduma ya tovuti za bure iliyokuwa na kurasa za mamilioni ya watu wa kawaida, ilifungwa, na wengi hawakuwa na nakala popote. Kusanya pia barua pepe za wasomaji wanaokubali kuandikiwa. Huduma ikifungwa, orodha hiyo inabaki mkononi mwako.

Basi, ufanye nini? Punguza. Kutoka makala karibu nane kwa mwezi hadi mbili. Ziandike zote mbili Jumamosi moja mchana, uziweke zijichapishe zenyewe kwa tarehe utakazochagua, na wiki nyingine zote za mwezi usifungue ukurasa wa kuandikia kabisa. Wasomaji wako waambie mara moja, kwa mistari mitatu: unaandika riwaya, utakuwa nao mara mbili kwa mwezi, unawashukuru. Usiombe radhi, na usieleze riwaya inahusu nini. Baadhi wataondoka. Kwangu waliondoka wengi, nami nililala vibaya kama wiki mbili, halafu nikazoea. Waliobaki ndio walionunua kitabu.

Mwombe mumeo akusaidie kwa kitu kimoja tu: asubuhi asikuulize riwaya imefikia wapi. Akuulize kama umekaa. Kukaa ni jambo unaloweza kulijibu kila siku bila kuumia.

Na sura ya 7. Ile makala ya binti usiifute, haitarudisha kitu. Lakini unachokijua kuhusu nyumba ile kimeshatumika, kwa hiyo itabidi uingize humo kitu usichokijua. Soma tena sura ya 6 yote, polepole, kwa kalamu, na tafuta mtu au kitu ulichokitaja mara moja ukakipita: jirani, kikohozi kwenye ukuta wa pili, baiskeli iliyoegemezwa. Kila mwandishi huacha vitu vya namna hiyo bila kukusudia. Kisha Jumatatu alfajiri, binti abishe hodi, na mlango ufunguliwe na mtu ambaye si baba. Andika maneno 400 ya watu wawili wasiotarajiana wakiwa wamesimama kizingitini. Baba yuko wapi, simjui, na wewe pia usijue bado. Ukishamjua, usiniandikie kunieleza. Endelea na sura ya 8.